Glukosamini kwa goti linalosagika: jinsi ya kuijaribu na kujua kama inakufaa

Kaunta ya duka la dawa ina maswali yake yasiyoisha. “Hivi vidonge vinarudisha ute wa goti?” “Mwanangu yuko Marekani kanitumia kopo, ninywe vingapi?” “Mama kamaliza kopo zima na bado anashuka ngazi kinyumenyume, tumwongezee?” Nimeona niyaandike majibu mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili ukija tuzungumzie goti lako moja kwa moja.

Jibu ambalo muuzaji hapendi kulitoa nalitoa mapema: hakuna utafiti ulioonyesha kwamba glukosamini inaotesha upya gegedu lililokwisha kusagika. Kinachobishaniwa na wataalamu ni kidogo kuliko hicho, yaani kama inapunguza kasi ya kusagika, na kama inatuliza maumivu kuliko kidonge kitupu, yaani kisicho na dawa ndani. Ukinunua ukitegemea kurudishiwa goti la ujana, pesa imekwenda. Ukiichukulia kama jaribio lenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuacha, endelea kusoma.

Nadharia kidogo tu

Gegedu ni ile tishu nyeupe, telezi, inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Anayekula paja la kuku hadi mwisho anaijua. Ndani yake kuna nyuzi za kolajeni na molekuli kubwa zinazoshika maji. Glukosamini ni sukari ambayo mwili wenyewe huitengeneza na kuitumia kujenga molekuli hizo. Goti linaposagika, vimeng’enya (protini za mwili zinazovunjavunja tishu) hulikata gegedu haraka kuliko seli zinavyoweza kulijenga.

Maabarani, seli za gegedu zikiwekewa glukosamini nyingi, kazi ya vimeng’enya hivyo hupungua. Hapo ndipo matangazo yote yanapochukulia picha zake. Wasichokuambia ni kwamba kiasi kinachotumika kwenye vyombo vya maabara mara nyingi ni zaidi ya mara mia ya kile kinachopatikana kwenye damu ya mtu aliyemeza miligramu 1500.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kauli ya daktari au tabibu kwamba goti lako linasagika kweli.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba.
- Daftari na kalamu. Simu inafaa, ila daftari halifutiki kwa bahati mbaya.
- Kiti imara kisicho na magurudumu, na saa inayoonyesha sekunde.
- Pesa ya miezi mitatu yote. Kama ipo ya mwezi mmoja tu, subiri kwanza.

Wewe usianze bila kuzungumza na daktari

Kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, simama hapa. Zipo taarifa za wagonjwa ambao damu yao ilizidi kuwa nyepesi walipochanganya warfarini na glukosamini, na damu ikivuja kichwani au tumboni goti halitakuwa na maana tena. Mwenye mzio wa kamba au kaa pia asubiri, kwa sababu glukosamini nyingi hutengenezwa kwa maganda yao. Mjamzito na anayenyonyesha waiache kabisa. Usalama wake kwao haujathibitishwa. Mwenye presha ya macho, pumu au ugonjwa wa figo aulize kwanza. Mwenye kisukari anaweza kujaribu, kwani tafiti za dozi ya kawaida kwa jumla hazikuonyesha sukari ikiharibika, ila apime mara nyingi zaidi wiki za mwanzo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kusagika

Maumivu ya kusagika yana tabia yake. Huja ukitembea au kupanda ngazi, hupoa ukipumzika, na asubuhi goti hukaza kisha likalegea ndani ya nusu saa. Wengi wenye tatizo hili wamevuka miaka 45. Dalili zikiwa hivyo, mara nyingi tabibu hahitaji hata eksirei.

Goti lililovimba ghafla, jekundu, la moto, na mwili una homa, ni la hospitali leo hii. Vidole vya mikono yote miwili vikivimba na kukaza asubuhi kwa zaidi ya saa moja, huenda ni baridi yabisi, ambayo ina dawa zake maalumu na kila mwezi unaochelewa unaharibu viungo. Kidole gumba cha mguu kikiwaka moto usiku, fikiria jongo. Glukosamini haitibu hata moja kati ya hayo matatu.

Hatua ya 2: Lipime goti kabla ya kidonge chochote

Hatua hii ndiyo watu wanairuka, na bila hii jaribio lote halina kazi.

Chagua mambo mawili au matatu unayoyafanya kila siku na yanayokuumiza. Chagua ya kwako kweli: kushuka ngazi, kuinuka kwenye kibao cha mbuzi ukimaliza kukuna nazi, kukaa tahiyatu, kukanyaga ngazi ya daladala, kuchuchumaa chooni. Kila moja lipe alama ya maumivu kutoka 0 (hakuna) hadi 10 (huwezi kuvumilia).

Kisha kipimo cha kiti. Egemeza kiti ukutani, kaa katikati yake, kunja mikono kifuani. Ukianza kuhesabu saa, simama wima kabisa na ukae, simama na ukae, kwa sekunde 30. Andika umesimama mara ngapi. Kama huwezi kuinuka bila kushika kiti, andika 0. Nayo ni alama, wala usione aibu. Rudia vipimo vyote siku tatu tofauti, saa ile ile, uchukue wastani.

Kwa nini usumbufu huu? Mwaka 2006 Marekani ilitoa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao GAIT, wa watu 1583 wenye magoti yanayosagika. Waliopewa vidonge vitupu, visivyo na dawa yoyote, 60 kati ya kila 100 walipata nafuu ya angalau asilimia 20. Waliopewa glukosamini peke yake walikuwa 64. Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, na mtu hununua kopo siku goti liko pabaya kabisa. Likipoa kwa zamu yake, sifa zote huenda kwa kopo. Bila namba za mwanzo utajidanganya, na utawadanganya majirani.

Hatua ya 3: Wiki sita za mazoezi zitangulie

Hapa wateja hunikunjia uso. Lakini ukianza mazoezi na vidonge siku moja, nafuu ikija hutajua nani kaileta. Mazoezi yana ushahidi mzuri zaidi kwa goti linalosagika, na hayana bei. Basi yaanze yenyewe.

Fanya siku tatu hadi nne kwa wiki:

- Kusimama na kukaa kwenye kiti, mara 8 hadi 10, pumzika, kisha rudia mara mbili. Shuka polepole, kujiachia pu! kitini hakujengi kitu.
- Kuinua mguu ulionyooka. Lala chali, kunja mguu mmoja, kaza paja la mguu mwingine, uinue kiasi cha shubiri mbili, hesabu hadi tano, ushushe. Mara 10 kila mguu.
- Kutembea kwenye njia tambarare ukiwa na viatu vyenye soli laini. Anza na dakika ulizozizoea, ongeza kidogo kidogo.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanakubalika. Yakibaki juu hadi kesho yake, punguza idadi, usiache.

Kama uzito ni mkubwa, anza na sahani. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 kwa wazee wanene wenye magoti haya ulipima mzigo unaoliangukia goti: kila kilo 1 iliyopungua mwilini iliondoa karibu kilo 4 gotini kwa kila hatua. Hesabu hatua za siku moja sokoni peke yake.

Baada ya wiki sita pima tena kama ulivyopima mwanzo. Kuna watu wanaoishia hapa na pesa yao mfukoni. Wewe ambaye bado unaumwa, namba hizi mpya ndizo mwanzo wako wa jaribio la vidonge.

Hatua ya 4: Geuza kopo, soma nyuma

Mbele ya kopo kuna 1500 kubwa ya rangi. Nyuma, kwenye kisanduku cha maandishi madogo, tafuta maneno “Serving Size”. Yakifuatiwa na 3, maana yake hizo miligramu 1500 ni za vidonge vitatu, na kopo la vidonge 90 ni la mwezi mmoja. Wapo wanaomeza kimoja kwa siku, kopo linakaa miezi mitatu, kisha wanasema dawa haifai. Walikuwa wanatumia theluthi ya dozi.

Sasa angalia aina. Zipo mbili kuu: salfeti na hidrokloridi. Tafiti zilizoleta matumaini kuhusu gegedu zilitumia salfeti. GAIT ilitumia hidrokloridi. Ndiyo maana wataalamu wa Ulaya na wa Marekani bado wanavutana. Chama cha madaktari wa viungo cha Marekani kinapinga matumizi yake kwa kusagika kwa magoti, na mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 unawaambia madaktari wasiiandike. Upo upande wa Ulaya unaoiruhusu salfeti ya kiwango cha dawa. Mimi nikiulizwa, nasema: kama lazima ujaribu, jaribu salfeti, kwa sababu ndiyo pekee yenye kesi ya kusikilizwa.

Salfeti ina ujanja wake. Huvuta unyevu, hivyo huchanganywa na chumvi ili itulie. Ukiona “2KCl” baada ya jina, kiasi kilichoandikwa kinaweza kuwa kimehesabu na chumvi ya potasiamu ndani yake. Katika miligramu 1500 za mchanganyiko huo, glukosamini salfeti ni kama 1130 tu. Mwenye figo dhaifu ajiepushe na potasiamu hiyo. Nyingine hutumia chumvi ya kawaida ya sodiamu, na mwenye presha aliyekatazwa chumvi anapaswa kujua hilo.

Kama kopo lina kondroitini pia, kirutubisho kingine cha viungo kinachouzwa pamoja na glukosamini, uliza imetoka wapi. Hutengenezwa kwa gegedu la ng’ombe, nguruwe au papa, na ganda la kapsuli lenyewe huweza kuwa jelatini ya nguruwe. Kwa Mwislamu hili ni swali la kabla ya kulipa. Ipo pia glukosamini isiyotokana na maganda ya baharini, inayotengenezwa kwa mahindi au ukungu. Kopo lake huandika hivyo waziwazi.

Kosa kubwa la hatua hii ni kununua “mchanganyiko wa siri” wenye viungo kumi na viwili bila kuonyesha kila kimoja kina kiasi gani. Liache hapo hapo rafuni.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Gawa bei kwa siku ambazo kopo litakaa kwa dozi kamili, zidisha kwa 90. Kopo la bei nafuu la vidonge vya miligramu 500 linaweza kukutoka zaidi kuliko lile lililokutisha bei. Kama jumla inagusa pesa ya dawa za presha au sukari, jibu ni hapana. Glukosamini ni ya ziada, zile zinakuweka hai.

Hatua ya 6: Meza, na usibadilishe kitu kingine

Dozi iliyotumika katika tafiti nyingi ni miligramu 1500 kwa siku, kwa mara moja au 500 mara tatu. Meza baada ya chakula kama tumbo lako ni jepesi. Ukisahau leo, kesho endelea na dozi ya kesho, usifidie. Kuongeza hadi 3000 hakuna faida iliyoonyeshwa.

Funga kopo vizuri na uliweke pakavu, mbali na bafu na jiko. Huku pwani unyevu ni adui: vidonge vikigandamana au vikibadilika rangi, usivimeze.

Kwa miezi hii mitatu mazoezi yaendelee vile vile, na usianze mafuta mapya ya kuchua wala dawa nyingine ya viungo. Siku goti likizidi, panadoli au jeli ya diklofenaki ya kupaka inaruhusiwa, ila andika kwenye daftari umetumia mara ngapi. Vidonge vya diklofenaki vya kununua kiholela na kumeza kila siku sivishauri kwa mzee yeyote: vinatoboa tumbo, vinapandisha presha na vinachosha figo.

Hatua ya 7: Andika kila wiki, na usikimbilie eksirei

Siku moja ya wiki, saa ile ile, jaza alama zako na kipimo cha kiti. Mistari miwili inatosha. Usitegemee mabadiliko kabla ya wiki ya nne.

Kuhusu eksirei, kuna watu wanapiga ya pili baada ya miezi mitatu “kuona kama gegedu limerudi”. Gegedu halionekani kwenye eksirei. Kinachoonekana ni uwazi kati ya mifupa, na uwazi huo hubadilika polepole mno. Utafiti wa Ubelgiji uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2001 uliwafuata watu 212 kwa miaka mitatu: kwa waliopewa vidonge vitupu uwazi ulipungua kwa wastani wa milimita 0.31, kwa waliotumia glukosamini salfeti milimita 0.06. Mwaka uliofuata utafiti wa watu 202 huko Prague ulitoa matokeo yanayofanana. Hizo ndizo namba bora kabisa upande wa glukosamini, na zote ni chini ya nusu milimita kwa miaka mitatu.

Hata hizo zilitiliwa shaka. Picha zilipigwa mguu ukiwa umenyooshwa, na asiye na maumivu hunyoosha goti vizuri zaidi, jambo linaloweza kufanya uwazi uonekane mkubwa bila gegedu kubadilika. GAIT ilipopima uwazi kwa miaka miwili haikukuta tofauti ya maana. Australia, mwaka 2015, watu 605: waliotumia glukosamini pamoja na kondroitini walipoteza uwazi pungufu kwa milimita 0.10 kuliko wa vidonge vitupu, lakini maumivu yao hayakupishana na ya wenzao. Fundi wa eksirei akikuinamisha goti kidogo tofauti na mara ya kwanza, kosa hilo peke yake linameza tofauti yote hiyo.

Hatua ya 8: Siku ya 90, amua

Linganisha na namba za mwanzo wa vidonge, usitumie kumbukumbu.

- Maumivu hayajashuka alama 2 katika lolote kati ya mambo uliyochagua, na kiti ni kile kile: acha. Usinunue aina nyingine kuanza upya.
- Yameshuka alama 2 au zaidi: acha kwa mwezi mmoja, ukiendelea kuandika. Yakibaki chini, hukuhitaji vidonge. Yakipanda tena, una sababu ya kuendelea kama mfuko unaruhusu.

Najua hiyo ya kuacha wakati unajisikia vizuri inauma. Ila kumeza miaka kumi kitu ambacho hakikusaidii kunauma zaidi.

Mambo yakienda kombo

*Kiungulia, kichefuchefu, gesi au kuhara.* Ndiyo malalamiko ya kawaida. Gawa dozi mara tatu na umeze katikati ya chakula. Wiki mbili zikipita bila nafuu, acha.

*Vipele, kuwasha, midomo kuvimba.* Acha papo hapo. Pumzi ikibana, kimbia hospitali na uende na kopo.

*Sukari imepanda.* Acha wiki mbili, upime tena. Ikishuka, mweleze daktari wako.

*Nilianza huku natumia warfarini, sikujua.* Acha glukosamini, usiguse dozi ya warfarini kwa uamuzi wako, nenda ukapimwe INR (kipimo cha muda damu inaochukua kuganda) siku hiyo hiyo. Fizi kutoka damu, choo cheusi au michubuko isiyo na sababu ni dharura.

*Goti limekwama, halinyooki wala halikunjiki, au linakutupa chini.* Huenda kuna kitu kimechanika ndani. Mwone daktari wa mifupa.

*Dozi mbili tu na maumivu yamekwisha kabisa.* Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Glukosamini haifanyi kazi hivyo. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu bidhaa zenye jina Artri King, zilizouzwa kama virutubisho vya viungo. Vipimo vilikuta deksamethasoni, dawa kali ya kundi la steroidi, na diklofenaki, ambazo kopo halikuzitaja. Kama kirutubisho chako kimefanya muujiza wa siku mbili, na hasa kama uso unavimba, presha au sukari inapanda, peleka kopo kwa daktari. Kama umekitumia kwa wiki kadhaa usikikatize ghafla peke yako, kwa sababu mwili uliozoea deksamethasoni unaweza kuanguka ukinyimwa kwa mara moja. Kisha toa taarifa: kwa Tanzania ni TMDA, kwa Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Lete na risiti kama ipo, na usitupe kopo hata likiwa tupu. Namba ya toleo iliyopigwa chini yake ndiyo wanayoifuatilia.